Buti la Kulia, Buti la Kushoto

Ninyi vijana wa atelye, karakana yetu ya viatu, mliniaga vizuri. Mlininunulia kiti cha kuegemea, mkanipigia makofi, na kabla makofi hayajaisha mmoja wenu akaniomba niandike namna ya kumchagulia mtu buti la kuwindia mlimani, lisilopitisha maji na lisilokufa upesi. Nimekikalia kiti chenu wiki nzima na nimegundua kwamba mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mingine. Kusinzia humo hakuwezekani, kwa hiyo ninaandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana cheo hakizuii maji.

Niliingia Bukavu nikitokea Walungu, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, nikiwa nimevaa viatu vya kaka yangu ambaye Mungu alimpa mguu mdogo. Atelye ilikuwa nyuma ya duka la Mgiriki mmoja, kwenye njia ya kushuka Nguba. Fundi mkuu, Papa Bisimwa, alikuwa amekaa kwenye kigoda na buti limebanwa katikati ya magoti yake. Hakuniangalia usoni hata kidogo. Aliniangalia miguuni.

"Hivi viatu iko ya nani?"

"Ya miye, Papa."

"Toa."

Nikavitoa. Vidole vyangu vilikuwa vimepandana, na Papa Bisimwa akavitazama kwa huruma ambayo mwenyewe sikuipata.

"Mudomo yako inadanganya, lakini vidole vinasema kweli," akasema. "Bon. Mutu mwenye hajaumizwa na kiatu hawezi shona kiatu. Ikala pale."

Nikakaa. Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wote. Leo mnaleta vyeti vyenye mihuri, na bado siku ya kwanza mnashika kisu upande wa makali.

Kwa muda mrefu hakuniruhusu kugusa kisu. Kazi yangu ilikuwa kupitisha uzi wa kitani kwenye donge la nta hadi uanze kulia, kwa sababu Papa alisema uzi usiolia haujashiba. Kisha nikapewa aleni, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, nikajitoboa kila mahali panapotobolewa. Juu ya vichwa vyetu ilining'inia miguu ya mti, vile vibao tunavyofungia ngozi ili buti lipate umbo la mguu wa mwenyewe, kila kimoja kikiwa na jina la mzungu wake. Mgeni akiingia mara ya kwanza alijiuliza wenyewe tumewafanya nini. Hatukuwa na haraka ya kumweleza.

Wazungu hao tuliwaita kwa majina yetu, kama ilivyokuwa desturi ya mji mzima. Patron wetu, yule Mgiriki mwenye duka, tulimwita Gundi, kwa sababu akisimama karibu na wewe wakati wa kazi haondoki. Alikuwa mtu mwema aliyejua kuuza kila kitu na asiyejua kutengeneza chochote. Nadhani alikufa bila kujua jina lake.

Sasa nije kwenye unga, maana najua mmesikia hadithi zake na hamkuziamini. Ziaminini. Kila buti tulilomaliza lilijazwa unga mkavu wa muhogo, likafungwa kamba, likashushwa ziwani mahali penye kina kifupi, maji yakikaribia mdomo wake. Lilisimama hapo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Halafu unga ulimwagwa kwenye sufuria, ukasongwa ugali, ambao sisi tunauita bugali, na aliyeshona buti alikula bugali ya buti lake. Kama halikuvuja, bugali ilikuwa nyeupe na sote tulimsaidia, pamoja na ndagala, dagaa wa ziwani. Kama lilivuja, unga ulitoka mweusi kwa rangi ya ngozi, na alikula peke yake huku wengine tumekaa kumtazama, kwa adabu kabisa. Mimi niliila ile nyeusi mara moja tu. Tangu siku hiyo sikuruka tundu hata moja la mshono. Gundi naye alipenda sana bugali yetu ya adhuhuri, na mara nyingi alikuja na kijiko chake. Hakuuliza unga umetoka wapi, nasi tulimpakulia.

Kuhusu kuchagua, nitasema yale Papa Bisimwa aliyoyasema, ila bila matusi. Mteja asijaribu buti asubuhi, mguu ukiwa bado umelala. Aje alasiri, mguu umevimba kwa kutembea, na avae soksi ileile nene ya sufu atakayopandia nayo. Msimsimamishe sakafuni tu kama anayepigwa picha. Tulikuwa na ubao tuliouegemeza kwenye ukuta, na kila mwindaji alitakiwa kuupanda kisha ashuke taratibu. Vidole vikigonga mbele wakati wa kushuka, buti hilo mnyang'anyeni hata akilia. Mlima hauumizi vidole ukipanda, unaviumiza ukishuka, wakati mtu amechoka na nyumbani bado ni mbali.

Halafu kunjeni soli. Soli iliyobandikwa tu itafunguka mdomo kama mtu anayepiga miayo, na matope ya milimani yanapenda sana kulishwa. Tafuteni uzi. Tazameni ulimi: uwe umeshonwa pembeni kwa mikunjo hadi juu, la sivyo maji hayahitaji tundu, yanapita mlangoni kama wageni wa Krismasi. Ngozi iwe ya vipande vichache, kwa sababu kila mshono ni njia. Na mwambieni mteja asilikaushe motoni. Nimeletewa mabuti mengi yaliyokaushwa motoni, wenyewe wakilaumu ngozi. Ngozi ni nyama, ndugu zangu, ukiiweka motoni inaiva.

Hayo niliyajua vizuri ilipofika ile kesi ngumu kuliko zote, ambayo ilitaka kutufungia atelye.

Mwanzo wake ulikuwa masanduku. Gundi aliletewa masanduku ya mabuti kutoka Ulaya, ya kung'aa, kila jozi imefungwa kwa karatasi laini kama mkate wa mgonjwa. Aliyapanga dukani, akayazunguka, kisha akaja nyuma kwetu akasimama kama kawaida yake.

"Bisimwa," akasema, "buti ya Ulaya nakuja tayari. Hapana kushona, hapana kungoja. Chumba hii naweka masanduku."

"Na sisi, Patron?"

"Ninyi..." Gundi akaangalia miguu ya mti kule juu.

Wakati huo tulikuwa tumebaki wawili tu, Papa na mimi. Mimi nilikuwa kijana na ningerudi Walungu kulima, mgongo bado nilikuwa nao. Lakini Papa Bisimwa alikuwa ameshona tangu akiwa mvulana misheni, magoti yake yalikuwa yamekataa kupanda kilima chochote, na mkewe Maman Nabintu aliniambia wazi kwamba mume wake akikosa kigoda kile hatamaliza mwaka. Sikupenda kusikia hayo, kwa sababu nilimpenda yule mzee.

Aliyetuokoa, au aliyekaribia kutumaliza, alikuwa mlowezi wa kahawa wa upande wa Kalehe. Tulimwita Bwana Kishindo, kwa kuwa ulimsikia kabla ya kumwona. Nguruwe wa porini walikuwa wanashuka kutoka milimani kuchimba shamba lake, naye alikuwa amewatangazia vita. Alikuja kutafuta mabuti akamkuta Gundi akisifu ya Ulaya na Papa Bisimwa akiwa amesimama mlangoni. Bwana Kishindo alikuwa amevaa kazi ya Papa miaka mingi. Akawaangalia wote wawili, akaanza kucheka.

"Fanya hivi," akasema. "Muguu ya kushoto mi navaa Ulaya. Muguu ya kuume navaa Bisimwa. Tunapanda mulima, tunatafuta nguruwe. Muguu yenye kubakia kavu, njo ile inashinda."

Gundi alipenda mchezo kuliko biashara. Akakubali palepale: mguu wa kulia ukilowa, chumba kinakuwa cha masanduku. Mguu wa kulia ukibaki mkavu, kigoda kinabaki pale kilipo. Papa Bisimwa aliinuka kigodani. Aliuteremsha mguu wa mti wa Bwana Kishindo, ule wa kulia tu, akaufuta vumbi kwa kiwiko cha shati lake.

Buti lile sijaona mfano wake. Alitumia kipande kimoja cha ngozi kwa kisigino chote, akashona soli kwa mistari miwili, na kila tundu alilitazama kama anamchungulia mtu. Kilichobaki kilikuwa mafuta ya kulipaka. Kwa kawaida tulitumia shahamu ya zamani ya ng'ombe, iliyochemshwa, ikachujwa, ikachemshwa tena na nta hadi harufu yake ife. Safari hii Papa aliona shahamu ya kawaida ni dharau. Mpwa wa Maman Nabintu alikuwa ameolewa Kabare juzi yake, ng'ombe amechinjwa, na Maman alirudi na kibuyu cha mafuta mabichi.

"Haya ni ya ng'ombe ya harusi," akasema. "Hakuna batu bamepaka kiatu na kitu ya heshima namna hii."

"Chemsha mara moja tu," Papa akamwambia. "Usiiue nguvu yake."

Tukalipaka mara nyingi, tukalisugua kwa viganja. Atelye nzima ikanuka nyama ya kuchoma. Mbwa wa mlinzi wa duka alikuja akalala mlangoni, akitutazama kwa mapenzi, nasi tukaona hata mnyama anatambua kazi nzuri. Lile buti lilisimama ziwani tangu asubuhi hadi adhuhuri, na bugali yake ilikuwa nyeupe kama hostia ya misa. Tulikula tukifurahi. Mambo ya majini tulikuwa tumeyapima yote.

Nilitumwa mimi kwenda mlimani badala ya Papa. Gundi naye alikuja kama shahidi, amevaa viatu vyake vya mjini vyenye ncha, kwa sababu hakuamini kwamba mlima unaweza kumkosea adabu mtu wa duka. Papa alinifungia begani jozi moja ya mabuti yetu, ya mteja aliyehama bila kuyachukua.

"Ya nini, Papa?"

"Beba tu. Ule patron atabomoa vile viatu vyake."

Tulipanda kamioneti, lori dogo, tukafuata barabara ya ziwani hadi Kalehe, na kutoka shambani kwa Bwana Kishindo tukaanza kupanda kwa miguu. Aliyetuongoza alikuwa Muzee Kalimba, mwenyeji wa milima ile, mtu mwenye maneno machache na kikohozi cha kujichekea. Aliitazama miguu ya Bwana Kishindo, mmoja mweusi wa kung'aa, mmoja wa kahawia unaonuka pilau, akakohoa, akamwita bwana kwa Kifaransa chake.

"Musiyu, viatu vyako havijuane?"

"Vinagombana," Bwana Kishindo akajibu, akaenda mbele kwa kishindo.

Kwenye mianzi mvua ilitukuta. Kwenye bwawa lililo juu ya mianzi buti la Ulaya lilianza kuzungumza. Mguu wa kushoto ukikanyaga ulisema chwaa, wa kulia ukinyamaza. Chwaa, kimya, chwaa, kimya, tulikwenda hivyo mlima mzima. Nilitembea tu nyuma ya Gundi, karibu sana, kama yeye anavyosimama nyuma yetu kazini. Viatu vyake vya ncha vilikuwa vimepata rangi ya udongo, na soli moja ilikuwa inamfuata badala ya kumbeba.

Nilikuwa nimekwisha kushinda moyoni tulipokaa kula kando ya kijito. Bwana Kishindo alinyoosha miguu kwenye majani, akafungua sardini, akaanza kusimulia nguruwe aliowakosa. Muzee Kalimba hakukaa. Alikuwa anatazama chini.

"Musiyu," akasema polepole, "simama."

Bwana Kishindo alidhani amesikia nguruwe. Akashika bunduki, akabaki amekaa, akasikiliza. Alichopaswa kusikiliza kilikuwa tayari ndani ya suruali yake. Msafara wa siafu ulikuwa umetoka mianzini, umekata kona safi kabisa, ukaliacha buti la Ulaya bila hata kulinusa, na kulipanda la kwetu. Ng'ombe wa harusi alikuwa amewaita tangu mbali.

Siwezi kuandika aliyoyasema mkubwa yule, na mengine yalikuwa ya lugha ambayo sikuijua. Aliruka, akacheza, akatupa bunduki upande huu na sardini upande ule. Suruali ilitoka. Buti la kushoto lilitoka likabaki kwenye majani, la kulia lilitoka pia, akalirusha kwa nguvu zake zote, kisha akakimbilia katikati ya kijito na soksi zake zote mbili na shati, akakaa majini. Huko juu nguruwe waliondoka kwa wingi. Tulisikia mianzi ikivunjika kama wanashangilia.

Mimi sikucheka. Nataka mlijue hilo, maana kila ninaposimulia mnadhani nilicheka. Nilikuwa natazama zile soksi mbili zilizolowa sawasawa, na Gundi alikuwa anazitazama pia.

"Bisimwa nashindwa," akasema. "Soksi yote maji. Hapana buti, hapana shahidi."

"Patron, mulisikia mwenyewe. Ya kushoto ilikuwa inasema tangu kule bwawani."

"Mi nasikia mvua." Akafumba macho kidogo, kama mtu anayeipima nafasi ya masanduku yake. "Kumi masanduku naingia mule."

Akilini nilimwona Papa Bisimwa anashuka kutoka kwenye kile kigoda. Machozi yalinijia, na siyaonei haya. Tulikuwa tumeshinda, halafu tumeshindwa kwa sababu ya mapenzi yetu wenyewe, kwa kulipaka buti mafuta mazuri mno.

Ndipo Muzee Kalimba alipokohoa, akanyoosha fimbo yake kuelekea upande wa juu wa kijito.

Buti letu lilikuwa linakuja. Bwana Kishindo alilirusha upande wa juu, likaangukia majini, na soli yake nzito ikaliweka wima. Sasa lilikuwa linateremka polepole kama mtumbwi, mdomo juu, limejaa abiria. Siafu walisimama ukingoni pande zote, wakubwa wenye meno wakiwa mbele. Lilizunguka jiwe, likampita Bwana Kishindo aliyekaa majini, naye akageuza shingo kulifuata kwa macho. Halikuzama hata kidogo. Muzee Kalimba akalivuta kwa fimbo, akalikung'uta, akalipindua mbele ya Gundi. Walidondoka siafu. Tone la maji halikudondoka.

Gundi aliingiza mkono ndani. Siafu waliobaki wakamsalimu, lakini aliuacha mkono humo mpaka kwenye vidole vya buti, akautoa, akautazama. Ulikuwa mkavu. Uongo alikuwa nao, lakini hakuwa na mahali pa kuuweka.

Bwana Kishindo alianza kucheka akiwa bado majini, hadi akaunywa mto.

"Sikia," akamwambia Gundi. "Kushoto ya Ulaya: maji. Kuume ya Bukavu: siafu. Siafu natoka. Maji hapana natoka."

Kushuka kulikuwa kugumu kwa mtu mmoja. Soli ya Gundi ilibaki kwenye matope, na nyingine ikaifuata kwa upendo. Nilifungua mzigo wangu nikamwekea ile jozi chini. Alivaa. Alishuka nayo hadi kwenye kamioneti, akakaa nayo hadi Bukavu, na kila mara alikuwa anakanyaga sakafu ya gari kwa kisigino, polepole, akifikiri sisikii.

Njiani nilipanga utani. Ningeingia atelye na uso mrefu, nianze na siafu, nipite kwenye suruali, nifike kwenye buti lililotupwa, ninyamaze hapo, nimwache Papa aungue kidogo. Yeye alikuwa amenifanyia mabaya zaidi. Lakini nilipofungua mlango nilimkuta amekaa kwenye kigoda, meza imefagiliwa. Vifaa vyake vyote vilikuwa vimefungwa kwenye kitenge cha Maman Nabintu, na Maman amesimama karibu, kanga ya kubebea mzigo imekunjwa kichwani. Papa alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu tujuane.

Utani wote ukanitoka.

"Papa, ilibakia kavu."

Maman Nabintu akaishusha ile kanga, akajifutia macho, akasema atakwenda kupika, lakini hakwenda. Papa alifungua kitenge taratibu, akatoa kisu, aleni, donge la nta, akarudisha kila kimoja mahali pake.

"Na ile ya kushoto? Ya Ulaya?"

"Ilijaa maji, Papa. Iko hapa. Bwana Kishindo alisema tuitupe."

"Leta."

Nikampa. Akamwaga maji yake mlangoni, akalibana katikati ya magoti, akaingiza ncha ya kisu chini ya ile soli ya kubandika, na soli ikafunguka yote kwa mkono mmoja.

"Kutupa ya nini?" akasema, akinyoosha mkono nimpe uzi. "Ule muzungu iko na miguu mbili."